Mbegu Zilizomsubiri Mgeni Rasmi

Nchi yenyewe sitaitaja. Wanaoijua hawana haja ya kutajiwa, na wasioijua waendelee kushukuru. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye amani na bendera nzuri, na kwamba kwetu hakuna jambo linaloweza kuanza mpaka mgeni rasmi awe amefika. Choo cha shule kikijengwa, watoto hujibana mpaka kizinduliwe. Niliwahi kuona chanjo ya kuku ikisubiri uzinduzi hadi kuku wakafa wote, na uzinduzi wenyewe ukafana sana, na nyama ikapatikana kwa wageni waalikwa.

Mimi ni Afisa Itifaki katika Wizara ya Kilimo na Maadili. Kazi yangu ni kuhakikisha mgeni rasmi anakuta kiti chake, maji yake ya chupa na utepe wake wa kukata. Ni kazi ya heshima na nimeifanya kwa moyo mmoja.

Kwa miaka mingi, bangi ilikuwa adui wa taifa letu. Kila mwaka tulikuwa na Siku ya Kuteketeza, ambapo Waziri wetu, Mheshimiwa Mabogo, aliwasha kiberiti mbele ya rundo la magunia, kisha akahutubia huku moshi ukielekea jukwaa kuu. Hotuba zile zilikuwa ndefu kupita za sherehe nyingine zote, na wageni waalikwa walicheka sana, hata mahali pasipo na kichekesho. Baada ya hapo chakula kilikuwa hakitoshi kamwe.

Halafu Jumatatu moja Mtukufu Kiongozi akarudi kutoka safari ya nje. Pale pale uwanja wa ndege, shada la maua likiwa bado shingoni, akatangaza kwamba bangi ni dawa, kwamba wahisani wanaitaka kwa ajili ya wagonjwa wao, na kwamba wanayoitaka ni ile yetu ya asili, ya mabondeni, isiyopatikana penginepo duniani. Kufikia Jumatano mabango yote ya BANGI NI ADUI yalikuwa yamepakwa rangi neno la mwisho na kuandikwa RAFIKI. Mheshimiwa Mabogo aliongoza maandamano ya kupongeza. Alisema kwamba yeye binafsi, siku zote alipokuwa akiichoma, aliichoma kwa upendo.

Tatizo likawa mbegu. Tulikuwa tumechoma kwa bidii mno. Redioni wananchi waliombwa kwamba yeyote mwenye mbegu ajitokeze bila woga, na wachache wakajitokeza, na polisi, ambao walikuwa hawajapata waraka mpya, wakawakamata. Baada ya hapo hakujitokeza mtu tena, na Waziri akasikitishwa sana na wananchi wasiojitolea.

Ndipo ikakumbukwa stoo ya mahakama. Humo, juu ya rafu, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa lakiri nyekundu. Lilikuwa kielelezo katika kesi ya Mzee Shemhilu, na mzee mwenyewe alikuwa bado gerezani akitumikia kifungo kwa sababu ya kopo hilo.

Mzee Shemhilu alikuwa fundi wa kusuka viti na mfugaji wa njiwa. Siku aliyokamatwa, nywele zake zikiwa bado nyeusi, alimweleza hakimu kwamba alinunua makapi ya nafaka sokoni awalishie njiwa wake, akaona vimbegu wasivyovipenda, akavitenga kwenye kopo asije akavimwaga ovyo. Hakujua ni vya nini. Hakimu hakuridhika. Ili kifungo kiwe kirefu inavyostahili, aliandika katika hukumu kwamba mshtakiwa ni bingwa wa kilimo cha bangi, mwenye maarifa ya kutisha, na kwamba ujinga anaouonyesha ni dalili ya ubingwa wenyewe.

Kwa hiyo tulikuwa na mbegu, na tulikuwa na bingwa. Waziri alisema taifa limebarikiwa.

*

Kopo lilifunguliwa mbele ya Kamati ya Mbegu iliyoundwa na Waziri, baada ya utepe kukatwa. Mbegu zilikuwa za kijivu, zenye mabaka, na kwa kukaa miaka yote ile zilikuwa zimekauka na kuwa ngumu kama vifungo vya shati. Mheshimiwa Mabogo aliuma moja ili kuipima na mara akashika shavu. Katika kumbukumbu za kikao niliandika kwamba Mheshimiwa aliguswa.

Kisha akaletwa Mzee Shemhilu, na pingu zake, na beji kifuani iliyoandikwa MTAALAMU.

"Karibu, mtaalamu," Waziri akasema. "Taifa linakusikiliza. Mbegu kongwe kama hizi zinaoteshwaje?"

"Mheshimiwa, mimi sijui."

"Unyenyekevu," Waziri akatuambia wajumbe, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Si unyenyekevu, baba. Sijui kweli. Mmea wenyewe sijawahi kuuona, hata kwa picha."

"Mahakama imesema wewe ni bingwa. Unataka kusema mahakama ilikosea?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndivyo nilivyosema hata siku ile."

"Hapo ndipo unapoharibu, mzee wangu," Waziri akasema kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Mahakama ikiwa ilikosea, basi huna hatia. Na kama huna hatia, miaka yote hii umekula ugali wa serikali kwa sababu gani?"

Mzee Shemhilu aliinamisha kichwa. Akaanza kuihesabu miaka hiyo kwa vidole.

Waziri akatangaza masharti. Mbegu zikiota, bingwa atasamehewa Siku ya Taifa, mbele ya umati, na atapewa fulana. Zisipoota, itakuwa ni hujuma dhidi ya uchumi, ambayo adhabu yake haina mwisho. Wajumbe wakapiga makofi. Mzee naye akapiga, kadiri pingu zilivyomruhusu.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, nilimkuta binti yake, Zaina, msusi wa nywele. Alikuwa amekuja na uji kwenye chupa ya chai. Alinisalimia vizuri, akanipisha nikae, akaniuliza kilichoamuliwa, nami nikamweleza. Nilitegemea atafurahi.

"Mungu wangu," akasema. "Sasa rufaa?"

Ndipo nikajua kuwa kulikuwa na rufaa. Wakili wake alikuwa amegundua kwamba sheria yetu inasema mbegu ya bangi ni ile yenye uwezo wa kuota. Ile isiyoweza kuota si bangi, ni takataka, na hakuna anayefungwa kwa takataka. Rufaa ilikuwa imelala miaka kwenye foleni, na sasa ilikuwa imepangiwa tarehe. Wakili alikuwa na hoja moja tu: mbegu zimekufa.

Baba yake alipotolewa, Zaina alimwendea, akamtengenezea kola ya sare ya gereza.

"Baba, zisiote. Nakuomba. Zikiota ni ushahidi."

"Mama, zisipoota ni hujuma."

"Sasa tufanyeje?"

"Ninyweshe uji kwanza," akasema mzee. "Umepoa?"

*

Daktari Tindwa ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara ya Wizara, na hakuona shida yoyote. Alituambia kwamba mbegu kongwe haifi kwa urahisi, ila ganda huwa gumu na maji hayapiti. Kwa hiyo unalikwaruza ganda kidogo kwa msasa laini, unailoweka mbegu kwenye maji ya vuguvugu kwa siku moja, basi, unaitoa na kuifunga kwenye kitambaa chenye unyevu mahali penye joto. Alisema hata mama wa nyumbani anaweza.

Kauli hiyo ya mama wa nyumbani iliwaudhi wajumbe. Jambo la taifa haliwezi kuwa jepesi hivyo. Ikaamuliwa kwamba kila hatua iwe na uzinduzi wake.

Hatua ya msasa ilizinduliwa na Naibu Waziri. Msasa ulioletwa na mzabuni ulikuwa ule wa kusugulia sakafu, na pamoja nao ikaja mashine yake. Daktari Tindwa alijaribu kusema kitu, lakini bendi ya polisi ilikuwa imeshaanza kupiga. Naibu Waziri alibonyeza kitufe, mashine ikanguruma, na zaidi ya nusu ya mbegu zikawa vumbi. Naibu Waziri alichota vumbi lile kiganjani, akawaonyesha waandishi wa habari, akasema hayo ni mafanikio ya awamu ya kwanza.

Kuloweka kulizinduliwa na Mkuu wa Mkoa, kwa beseni jipya lililofungwa utepe. Hilo lilikwenda vizuri. Kazi ya kuzitoa majini ilikuwa ya Waziri mwenyewe, kesho yake asubuhi, na viti vilikuwa vimepangwa. Lakini asubuhi hiyo Mheshimiwa Mabogo alikuwa ameitwa ng'ambo kwenye semina ya matumizi bora ya muda, na semina ikaongezwa.

Basi mbegu zikakaa majini. Siku ilipita, na nyingine. Maji yakaanza kutoa povu, kisha harufu. Daktari Tindwa alikuja mezani kwangu, hatua chache kutoka kwenye beseni, akiwa ameshika chujio la chai.

"Bwana Itifaki, zinaoza. Nakuomba nizitoe. Dakika moja tu."

"Daktari, hata mimi naumia," nikamwambia, na kweli niliumia. "Lakini ukizitoa sasa, Waziri akija atatoa nini?"

Mzee Shemhilu alikuwa amekaa pembeni ya beseni, maana bingwa alitakiwa kuwapo muda wote. Aliniangalia kwa macho ya mtu anayemwelewesha mwanawe.

"Mwanangu, si uzitoe tu? Chujio si hilo hapo."

Nikamweleza ukweli. Naweza kuzitoa, mikono ninayo, lakini zitakuwa zimetoka bila kuzinduliwa, na mbegu ambayo haikuzinduliwa serikali haiitambui hata ikiota ikafika darini. Mzee akaitikia kwa kichwa. Miaka ya gerezani ilikuwa imemfundisha kutobishana na utaratibu. Tukabaki watatu tunaangalia povu, na kusema kweli ilikuwa siku mbaya.

Waziri aliporejea alikata utepe, akatia mkono, akautoa haraka. Nyingi zilikuwa uji. Ni chache tu, kiasi cha kujaza kijiko, zilizokuwa zimekataa kuingiza maji na bado ni ngumu kama mwanzo. Waziri aliziinua juu huku ameziba pua kwa leso, akasema hizi ndizo mbegu zenye msimamo, na vijana waige mfano wao.

*

Ilibaki hatua ya joto. Kabati la joto lilikuwa limenunuliwa, la kisasa, lenye taa za rangi, lakini halikuwa na umeme kwa kuwa transfoma ya eneo letu ilikuwa bado haijazinduliwa. Macho ya Waziri yakazunguka chumbani na kutua kwa Mzee Shemhilu.

"Mtu ana joto," akasema.

Hivyo ndivyo bingwa alivyopewa kazi ya kuatamia. Daktari Tindwa alizikwaruza mbegu zilizobaki taratibu kwa kipande kidogo cha msasa laini alichokuwa amekificha mfukoni, akazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, na kitambaa kikafungwa tumboni kwa mzee, chini ya sare. Alilazwa kwenye kochi la ukumbi wa Kamati. Askari wawili walisimama kumlinda asigeuke upande. Wanafunzi waliletwa kumtazama, wakaimba.

Jioni mzee alirudishwa gerezani. Langoni alipekuliwa, na kama ilivyo kawaida ya mtu anayekutwa na bangi mwilini, akafunguliwa shtaka la kuingiza bangi gerezani. Asubuhi Wizara ikalifuta shtaka, akaja kulala kochini. Jioni akapekuliwa tena. Yule sajini wa langoni alikuwa mtu mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee. Samahani, na leo tena."

"Marahaba, mwanangu. Andika tu," mzee alikuwa akijibu, na kuinua mikono mwenyewe.

Zaina alikuwa akija kila mchana na uji. Alikaa kwenye zulia kando ya kochi, na kwa kuwa mikono yake haikuzoea kukaa bure, alimkata baba yake kucha na kumchambua mvi. Aliniambia anaomba Mungu mbegu zife. Kisha akaniambia anaomba pia zisife. Akaniuliza kama mtu anaweza kuomba yote mawili kwa wakati mmoja. Nilimjibu kwamba hilo haliko chini ya Wizara yetu.

Siku moja mchana, mzee akasema anawashwa.

Daktari Tindwa hakuwapo. Askari walikuwa wamekwenda kula. Mzee alikifungua kitambaa polepole juu ya tumbo lake, nasi tukainama, mimi na Zaina, vichwa vikagongana. Mbegu zote zilikuwa kama zilivyokuwa, isipokuwa moja. Moja ilikuwa imepasuka kwenye mshono wake, na ndani yake kilikuwa kimechungulia kimkia cheupe, chembamba, kilichopinda.

Mzee Shemhilu akacheka. Sijui kwa nini alicheka, maana Daktari Tindwa ndiye aliyestahili kucheka, lakini alicheka hadi tumbo likatikisika na ikabidi Zaina akishike kitambaa.

"Baba," Zaina akasema kwa sauti ya chini. "Nipe nikifinye. Hakuna aliyeona. Huyu kaka hatasema."

Alinitazama. Niliangalia pazia. Mpaka leo sijui ningesema au nisingesema.

"Nipe, baba. Wakili anasema moja tu inatosha kuharibu rufaa."

Kucha zake mbili zilikuwa tayari zimeizunguka mbegu ile. Mzee aliushika mkono wake, bila nguvu.

"Zaina. Hii ndiyo waliyonifungia. Mama yako amekufa mimi niko ndani kwa sababu ya hii, na sijawahi kuiona. Acha niione kidogo."

Zaina aliacha mkono pale pale muda mrefu. Kisha akauondoa, akajifunika uso kwa mtandio, akalia kwa kwikwi. Baba yake alimpapasa mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akawa anaikinga ile mbegu isije ikapata baridi. Askari waliporudi walikuta tumeketi hivyo, wakaona, wakapiga kelele za shangwe, na habari ikawa ya taifa.

*

Waziri alitangaza redioni kabla ya saa ya taarifa ya habari. Kwa ajili ya wahisani alikula pia kiapo cha maandishi kwamba mbegu imeota, imeota sawasawa, na ameiona kwa macho yake, ingawa alikuwa bado njiani. Alipofika alitoa amri moja. Mche huu utazinduliwa na Mtukufu Kiongozi mwenyewe, na kabla yake asiuone mtu.

Kwa hiyo ukatiwa kwenye kopo lile lile la maziwa ya unga, na udongo kidogo, na kifuniko kikafungwa. Lakiri niliipiga mimi. Niliuliza kama mche hautahitaji mwanga. Waziri akanijibu kwamba mwanga wa taifa hili ni Kiongozi, na atakuja Alhamisi.

Alhamisi Kiongozi alikuwa na mgeni. Wiki iliyofuata alikuwa na mafua. Kisha akasafiri. Kila mara nilipanga viti na kila mara nikavipangua, na kopo likakaa juu ya meza ya Kamati, juu ya kitambaa cha hariri. Daktari Tindwa alilipitia kila asubuhi, akaligusa, akaondoka bila kunisalimia.

Tarehe ya rufaa ikafika kabla ya Kiongozi.

Jaji aliingia, tukasimama, tukaketi. Wakili wa Zaina akasema mbegu zimekufa. Wakili wa Serikali akatoa kiapo cha Waziri. Wakili wa Zaina akaomba kopo lifunguliwe, mahakama ijionee. Mimi ndiye niliyelileta, kwa hiyo niliulizwa, nami nikaeleza kwa heshima zote kwamba kopo linamsubiri mgeni rasmi. Jaji, ambaye alikuwa ameshalipokea mikononi, alishtuka, akaomba radhi kwa kulishika bila kunawa.

Lakini alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuamua bila kuchunguza. Alilisogeza sikioni, akalitikisa. Tulisikia udongo mkavu ukicheza ndani. Akalitikisa tena, akatega sikio, kisha akaliweka chini.

Hukumu haikuwa ndefu. Kuhusu hoja ya rufaa, alisema, Waziri wa Serikali ameapa kwamba mbegu imeota, na mahakama haiwezi kumwona Waziri kuwa mwongo, kwa hiyo mbegu ni bangi na rufaa inatupwa. Kuhusu hali ya sasa ya kielelezo, mahakama imesikia kwa sikio lake kwamba mche umekufa, na kwa kuwa ulikuwa chini ya uangalizi wa bingwa, hilo ni hujuma, na mrufani atafunguliwa shtaka jipya leo hii. Msamaha wa Siku ya Taifa hauwezi kumhusu mtu mwenye kesi. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Wakili wa Zaina alikuwa amekaa, ameshika kichwa.

Zaina hakulia safari hii. Alikaa ameshika chupa ya uji mapajani na kuangalia mbele, kama watu wanavyokaa kwenye foleni ambayo wameshajua kwamba haifiki.

Walimpitisha mzee mlangoni, karibu na niliposimama na kopo langu. Akasimama. Askari wakamwacha asimame, maana alikuwa bado ana ile beji kifuani, hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumvua.

"Mwanangu," akaniuliza, "majani ilitoa?"

"Ilitoa, mzee," nikamwambia. "Mawili. Ya kijani kabisa."

Akafurahi. Akamgeukia binti yake, akamwonyesha kwa vidole viwili. Nami kopo nilikuwa nimelifunga kwa mkono wangu kabla jani lolote halijatoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua.